Shule Iliyotoka Kwenye Orodha

Bwana Feldkamp alikuwa akija na chakula chake mwenyewe, na hilo peke yake lilitosha kumchukiza Odessa Treadwell. Kila baada ya miezi mitatu mkaguzi huyo wa jimbo aliendesha gari kutoka makao makuu, akaingia Shule ya Msingi ya Cutler Bend na mkoba wake, na ilipofika saa ya chakula, wapishi wakiwa wamemkaangia kambare na kumpikia mkate wa mahindi kama wanavyompikia mchungaji, yeye alifungua kisanduku cha plastiki akatoa majani. Majani matupu, na yai moja. "Msijisumbue kwa ajili yangu," alisema, na wapishi wakatazamana. Cutler Bend, mtu akikataa sahani yako amekutukana, hata atabasamu namna gani.

Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Ubaya ulikuwa kazi iliyomleta. Watoto wazungu wa shule ile walikuwa wanasoma vizuri kiasi, watoto weusi walikuwa nyuma sana, na jimbo lilikuwa limepima pengo kati yao, likaliona pana mno, likaitia shule kwenye orodha ya shule za kusimamiwa. Orodha hiyo hutoka gazetini kila Novemba. Ikitoka, watu huizungumzia kanisani, saluni na kwenye foleni ya benki, na mwalimu mkuu hujikuta anapewa pole barabarani kama mtu aliyefiwa.

Odessa alikuwa amesoma shule hiyohiyo, enzi ambazo mtoto mweusi aliketi nyuma na hakuulizwa swali. Sasa alikuwa na miaka hamsini na kitu, na ndiye mweusi wa kwanza kukalia kiti cha mwalimu mkuu. Mwaka wake wa pili tu ofisini, ndipo orodha ikamkuta. Wazungu kadhaa waliwahamishia watoto wao kwenye shule ya kulipia iliyo nje ya mji, wakaaga kwa adabu tele. Odessa aliona aibu mpaka akawa anakwenda dukani mapema asubuhi ili asikutane na watu.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza, Bwana Feldkamp alipokaa ofisini kwake na kueleza kwa kirefu jimbo litafanya nini, litaleta nini, kwa sharti gani na mpaka lini, Odessa aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi na hakusikia hata nusu. Alikuwa anamwangalia mdomo unavyotafuna majani. Alikuwa anajiuliza kama nyumbani kwake hula hivyohivyo, au ni hapa tu ndipo anapoogopa vyungu vya watu.

Alichosikia ni kwamba ataletewa mwalimu wa kufundisha watoto kusoma. Na mwalimu akaja kweli, mwezi wa kwanza baada ya sikukuu, Bi Krause, mzungu wa kaskazini, mrefu, asiyejua kupamba maneno. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya mifagio. Hakulalamika. Alitoa mifagio, akaingiza meza ndogo na viti vinne, akaanza kuwachukua watoto wachache wachache.

Miongoni mwao alikuwemo Amaris Yarbrough, msichana wa darasa la pili wakati huo. Amaris alikuwa na akili ya kutisha, na akili yenyewe ndiyo iliyomponza. Ukimpa kitabu aliangalia picha, akaangalia herufi ya kwanza ya neno, akakusimulia hadithi nzima kwa sauti ya kupanda na kushuka, na ikawa nzuri kuliko ile iliyoandikwa. Walimu wawili walimpitisha hivyo, wakamsifia. Bi Krause alifanya jambo moja tu. Aliweka kiganja chake juu ya picha. Mtoto akanyamaza kimya.

Wakaanza upya kabisa, sauti moja moja, kama mtoto wa chekechea. Amaris alilia wiki ya kwanza. Wiki zilizofuata alinuna. Lakini alikuwa anakuja, kwa sababu alijua, kama watoto wote wa shule ile walivyojua, sheria ya jimbo: asiyeweza kusoma mwisho wa darasa la tatu hapandi la nne. Anarudia. Uwanjani walitaniana kwa hilo bila huruma. "Wewe utakaa hapo mpaka uote ndevu," wavulana walimwambia. "Nikiota ndevu nitakuwa mkubwa wa kukutandika," Amaris aliwajibu.

Septemba iliyofuata, akiwa sasa darasa la tatu, alimkimbilia Odessa kwenye ukumbi na kitabu kifuani.

"Bi Odessa! Nimesoma ukurasa mzima, na picha imezibwa!"

"Ukurasa mzima? Usinidanganye, mwanangu."

"Muulize Bi Krause. Nilikosea mara mbili tu. Na moja nilijirekebisha mwenyewe!"

Odessa alimkumbatia palepale mbele ya watu. Jioni alimwambia dada yake kwa simu kwamba yule mzungu wa majani angalau ameleta kitu kimoja cha maana.

Wiki ileile mkurugenzi wa elimu wa wilaya alimwita. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa Thaddeus Loftis, ambaye walikaa dawati moja utotoni, hukohuko nyuma. Siku hizi alikuwa na shahada ya udaktari na tai za hariri, lakini Odessa alimwita Thad kama zamani.

"Kaa, Dessa. Niambie, una watoto weusi wangapi watakaofanya mtihani wa jimbo?"

"Thelathini na mmoja. Unauliza ya nini, Daktari? Si unawajua wote na mama zao?"

"Nawajua. Na unajua kwamba kundi likiwa chini ya thelathini jimbo halilihesabu? Wanasema ni wachache mno, hesabu haiaminiki."

"Sasa unataka nimfungie nani kabatini?"

Thad alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwanamke wewe! Hakuna wa kufungiwa. Nasema hivi, una watoto wawili ambao baba zao ni wazungu. Mama zao walipowaandikisha waliweka alama kwenye 'mweusi', basi, mazoea. Kipo kisanduku cha asili mbili. Ni cha kweli kabisa. Waombe waweke alama ya kweli kabla ya siku ya hesabu, mwezi wa kumi, maana orodha ya Novemba inafuata hesabu hiyo, na hapo unabaki na ishirini na tisa. Nani ataitwa mwongo?"

Jambo lilikuwa rahisi mno, na lilimpa Odessa wasiwasi kwa sababu hiyohiyo.

"Na watoto wenyewe?" aliuliza.

"Watoto watakuwa palepale walipo. Hujamfukuza mtu. Bi Krause wako yupo, vitabu vipo. Kinachoondoka ni jina baya. Dessa, tumeitwa wajinga tangu tukiwa na meno ya utoto. Hujachoka?"

Alikuwa amechoka. Hilo ndilo lililomshinda, si hesabu.

Mama wa mmoja, mvulana, alikubali kwa simu, bila hata kuuliza mara mbili. Mtoto wa pili alikuwa Amaris, na kwa mama yake, Latrice Yarbrough, Odessa aliona ni lazima aende mwenyewe. Walikuwa wakiimba pamoja kwaya, sauti ya pili wote wawili, na Latrice alikuwa mtu wa kuulizwa uso kwa uso. Alimkuta ndiyo kwanza ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bado na viatu vyake vya mpira. Latrice alimpa chai ya barafu, akamkatia kipande cha pai ya viazi vitamu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada Odessa," alisema, "baba yake Amaris ni mzungu, hilo halina ubishi, popote alipo na lori lake. Lakini mtoto huyu dunia inamwona mweusi. Akiingia dukani anafuatwa. Hakuna anayemfuata nusu."

"Najua, mdogo wangu. Wala sisemi aache kuwa alivyo. Ni karatasi tu."

"Na karatasi hiyo inamsaidia nini?"

"Inasaidia shule nzima. Tutatoka kwenye aibu hii. Na yeye ni mtoto wa shule hii."

Latrice aliichezea kalamu, fomu ikiwa mezani mbele yake. Alikuwa mwanamke wa kufikiri polepole, na wengi walimdhania mzito, ambalo ni kosa.

"Bi Krause anabaki?"

"Anabaki," Odessa alisema. Alisema hivyo bila kusita, na siku ile angeweza kuapa.

"Basi sawa. Hujawahi kuniletea jambo baya," alisema Latrice, akaweka alama.

Novemba orodha ilitoka, na Cutler Bend haikuwemo. Jamani, furaha! Wapishi walioka nyama ya nguruwe kwa moshi tangu alfajiri. Walimu walileta keki. Kwenye bango la nje, lile la kubadilisha herufi, wakaandika kwamba shule imetoka kwenye orodha na Mungu asifiwe. Wazungu wawili walipiga simu kuuliza kama nafasi bado zipo. Odessa alikwenda dukani saa kumi alasiri, wakati mji mzima uko humo, akasukuma toroli lake taratibu kutoka rafu moja hadi nyingine, ingawa alichohitaji kilikuwa maziwa.

Jumatatu yake Bwana Feldkamp alipiga simu kumpongeza. Alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Mwishoni akasema kwamba Bi Krause atamaliza kazi siku shule itakapofungwa kwa Krismasi, na tayari amepangiwa shule nyingine, upande wa pili wa jimbo.

"Samahani," alisema Odessa. "Nani atamaliza?"

"Bi Krause. Msaada unafuata orodha, Mama Treadwell. Shule ikitoka, msaada unakwenda kwa iliyoingia. Nilikueleza siku ya kwanza."

Odessa alijitahidi kuikumbuka siku ya kwanza. Kilichomjia ni majani tu.

"Lakini watoto bado hawajui kusoma," alisema. "Hakuna kilichobadilika."

"Kuna kilichobadilika," Bwana Feldkamp alisema, na sasa hakuwa mchangamfu. "Kundi lako limepungua. Niliona. Nikadhani watu wamehama."

Odessa alimwomba airudishe shule kwenye orodha. Alimwomba kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu yeyote tangu mumewe alazwe hospitali. Bwana Feldkamp alisema katika miaka yake yote ya ukaguzi hajawahi kuombwa hivyo, na kwamba siku ya hesabu imeshapita mpaka mwaka ujao. Njia ilikuwa moja. Wilaya inaweza kuomba isimamiwe kwa hiari yake, kwa barua ya mkurugenzi, itakayosomwa mbele ya bodi ya elimu, hadharani, ikisema wazi kwamba watoto weusi wa Cutler Bend wameachwa nyuma na shule inahitaji msaada. Barua ikifika kabla ya Krismasi, Bi Krause angebaki.

Odessa hakupiga simu. Alikwenda kwa Thad kwa miguu, bila koti, na baridi ile.

"Hapana," Thad alisema kabla hajamaliza.

"Thad, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Unataka nisimame mbele ya bodi, mbele ya wale wazee walionipinga kupata kazi hii, nisome kwa kinywa changu kwamba watoto wetu hawawezi?"

"Si kwamba hawawezi. Kwamba hatujawafundisha."

"Wao watasikia lipi? Sema ukweli, Dessa. Watasikia lipi?"

Odessa alijua watasikia lipi. Thad alivua miwani akajikanda macho, na kwa kitambo alikuwa yuleyule mvulana wa dawati la nyuma aliyekuwa akikojoa kwenye suruali kwa kuogopa kuomba ruhusa.

"Tuna walimu," alisema kwa upole. "Mfundishe wewe huyo mtoto. Si mwalimu wewe?"

"Nitapeleka barua mwenyewe."

"Bila sahihi yangu wataitupa. Na ukiwaambia kilichofanyika kwenye visanduku, hawatamtafuta mkurugenzi. Watawatafuta wale mama wawili waliobadilisha alama. Umelifikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria. Alirudi shuleni akijichukia. Angeweza kwenda mbele ya bodi bila barua na kusema yote. Wapo watu ambao wangekwenda. Odessa alijiambia anamlinda Latrice. Ilikuwa kweli, kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu apewe kiti kile watu walikuwa wanampungia mkono barabarani, na aliona vigumu kuupoteza mkono huo.

Bi Krause aliondoka wiki ya Krismasi. Hakulaumu mtu. Alimwonyesha Odessa namna anavyofanya, hatua kwa hatua, mchana mzima, naye Odessa aliandika kila kitu. Januari akaanza kuwachukua watoto mwenyewe kila asubuhi. Lakini asubuhi ya mwalimu mkuu si yake. Mara bomba limepasuka kwa barafu, mara mzazi yuko mlangoni anafoka, mara basi halijafika. Alimwacha Amaris katikati ya neno mara nyingi kuliko alivyomaliza naye. Na hata alipokaa, hakuwa na lile sikio la Bi Krause, la kujua mtoto amekwama kwenye sauti ipi. Alimsahihisha tu, na kusahihishwa hakumfundishi mtu kusoma.

Mwezi wa tatu alimsikia Amaris akisoma kwa sauti ya kupanda na kushuka, tamu, ya kusimulia. Aliweka kiganja chake juu ya picha. Mtoto akaendelea kusimulia. Alikuwa ameshaikariri picha.

Mtihani ulifanyika Aprili. Mei matokeo yalikuja, na shule ilipewa alama nzuri kuliko wakati wowote, hata bango la nje likaandikwa upya: pengo limezibwa. Penye safu ya watoto weusi hapakuwa na namba, maana kundi halikuhesabiwa. Amaris hakufaulu kusoma. Alipungukiwa kidogo, na kwa sheria ile hata kidogo ni kufeli.

Latrice aliitwa ofisini. Alikuja na mtoto, akamwacha kwenye benchi nje, akaketi na mkoba mapajani. Odessa alimweleza kwamba Amaris atarudia darasa la tatu.

"Niliona bango hapo nje," Latrice alisema taratibu. "Mmeandika pengo limezibwa. Nikajiambia, basi mwanangu amevuka. Sasa nieleze, Dada Odessa. Kama shule imefaulu, aliyefeli ni nani?"

Odessa alikuwa ameandaa maneno. Kulikuwa na madarasa ya kiangazi, kulikuwa na mwakani, kulikuwa na sheria kali ya jimbo. Aliyaacha yote. Akamwambia jinsi ilivyokuwa: kwamba Bi Krause alikuwepo kwa sababu ya orodha, kwamba orodha iliwategemea watoto thelathini, kwamba kwa alama ile aliyomwomba aweke mezani kwake, Amaris alitolewa kwenye hesabu na mwalimu wake akaondolewa. Akasema hakujua. Akasema pia kwamba alielezwa na hakusikiliza, na kwamba tangu Novemba anajua na amenyamaza.

Latrice hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Miezi sita tunasimama kwaya bega kwa bega," alisema. "Unanipa ukurasa nikipotea. Miezi sita, Odessa."

Hakumwita dada. Alisimama, akafungua mlango.

"Amaris, ingia. Mimi simwambii. Mwambie wewe."

Mtoto aliingia, akasimama mbele ya meza mikono nyuma kama aliyeitwa kwa utundu. Alikuwa amerefuka mwaka ule. Odessa alizunguka meza, akapiga magoti kwenye zulia ili macho yao yalingane, na magoti yake hayakuwa ya kupigwa tena. Alimwambia atakuwa darasa la tatu tena mwaka ujao. Wenzake wataendelea, yeye atabaki.

Uso wa Amaris ulikaza, kidevu kikaanza kutetemeka, akakizuia.

"Kwa sababu mimi ni mjinga?"

"Hapana, mwanangu," alisema Odessa. "Kwa sababu mimi nilitaka tuonekane werevu."

Amaris alimgeukia mama yake, amweleze maana yake nini. Latrice alikuwa anaangalia dirishani.